Tangaza Rangi, Ficha Sikio

Kwetu Usukumani, ukiokota ng'ombe wa watu hutaji alama zake zote. Unasema nimepata maksai mwekundu, basi, unanyamaza. Anayekuja kumdai ndiye akwambie sikio limekatwaje na kovu liko mguu gani. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma: tangaza rangi, ficha sikio. Kila ukoo una mkato wake wa sikio. Mtu akikutajia mkato bila kumwona mnyama, huyo ni mwenyewe au ni ndugu yake. Ukiutaja wewe kwanza, umemgawia mwizi ng'ombe.

Mimi ni katibu wa chama cha wafugaji. Ofisi yetu iko Kambarage, mjini Shinyanga, lakini kazi yangu kubwa iko kwenye zizi letu nje kidogo ya Maganzo, ambako ng'ombe waliopotea huletwa kusubiri wenyewe. Zamani tulitangaza kwa mdomo, mnadani na kanisani. Siku hizi tuna tovuti. Watu hucheka nikisema wafugaji tuna tovuti, na mimi nawaacha wacheke. Mtu amepotelewa na mtamba, amezunguka mapori mpaka miguu imevimba, kumbe mjukuu wake angefungua simu tu angemwona amesimama kwenye zizi letu anakula pumba. Tovuti inasaidia, sina ubishi na hilo.

Ubishi wangu ulikuwa na picha. Nani aliyeleta ule mtindo, sijui, lakini naamini hakuwahi kukaa Maganzo na mtandao wa Maganzo. Unampiga ng'ombe picha, unaipandisha, unasubiri, mduara unazunguka, halafu inakuja sentensi nyekundu kwamba picha ni kubwa mno. Haya, unaipunguza kwa programu nyingine. Unarudi, sasa imekubali, lakini ng'ombe amelala kiubavu kama aliyepigwa na radi. Unamgeuza. Kisha bado kuna kumkata, maana sikio lazima liondolewe kwenye picha, na paja nalo liondolewe kama lina chapa. Nakata kwa kidole kwenye simu, nahifadhi, naanza upya. Wakati mwingine jua lilikuwa linapanda hadi utosini nami nina ng'ombe mmoja tu kwenye tovuti na wenzake wamejaa zizini bila tangazo.

Hilo si jambo la kuchekesha. Ng'ombe akikaa zizini kwetu mpaka muda wa kungoja ukapita, anapelekwa mnadani. Kuna watu walifika wakakuta wanyama wao wameshauzwa kihalali kabisa, kwa sababu tu picha haikupanda kwa wakati. Mzee mmoja alilia mbele yangu, mtu mzima na fimbo yake mkononi. Nilikwenda siku hiyo hiyo Kambarage kwa fundi wetu wa tovuti, baba wa watoto wawili mwenye duka la kutoa kopi, nikamfokea mbele ya wateja wake. Mimi nina ulimi, sikatai. Nilimwambia sikusomea kompyuta na sitaki kuisomea, mimi ni katibu wa ng'ombe. Nataka nipige picha, niseme onyesha hapa tu, nibonyeze, nirudi kwenye kazi yangu.

Fundi alinisikiliza akiwa anapanga karatasi, akaniuliza maswali mengi ya maana kuliko nilivyotegemea. Siku chache baadaye alikuja zizini na pikipiki, akanionyesha kitu. Loo, nilifurahi. Kitufe kimoja. Unapiga picha humo humo, mfumo unaipunguza wenyewe, unamsimamisha ng'ombe wima wenyewe, kisha kinatokea kisanduku chenye pembe nne. Unakivuta kwa kidole mpaka kimezunguka sehemu unayotaka watu waione. Shingo, bega, basi. Sikio nje, paja nje. Unabonyeza Tuma. Nilijaribu kwa maksai mweusi aliyekuwa karibu, na kabla sijamaliza kusifu, picha ilikuwa imeshapanda. Nilimpa fundi soda mbili na kumwombea kwa Mungu.

Na wenyewe walianza kuja haraka. Hata mwenyekiti wetu, mzee ambaye haamini kitu chenye chaja, alikiri kwamba kitufe kina baraka. Zizi lilipungua. Pumba zilibaki. Nilitembea kifua mbele mnadani.

Ndipo akaja yule maksai mwekundu.

Aliletwa na wachungaji waliomkuta anazurura kandokando ya barabara kuu, kamba imekatika shingoni. Maksai wa jembe, unamjua kwa alama ya nira kwenye nundu. Nilimpiga picha, nikavuta kisanduku changu, nikatuma. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza kunukia, mawingu yanakuja yanaondoka, na nilijua kuna mtu mahali fulani ana shamba halijaguswa na jembe limeegemea ukuta.

Mvua ilinyesha usiku, zizi likawa tope tupu. Baada ya hapo, asubuhi moja, nilimkuta mwanamume getini ananisubiri. Shati limepigwa pasi, viatu vya ngozi, na nyuma yake Fuso la kubebea mifugo, dereva ndani. Alinisalimia kwa heshima, nikamwitikia. Alisema maksai mwekundu ni wake na anampeleka upande wa Geita, kibali cha kusafirisha anakitaka leo leo kwa sababu gari ni la kukodi. Afisa mifugo alikuwapo siku hiyo, kalamu mfukoni, naye anatuharakisha kwa sababu alikuwa na safari yake.

Utaratibu wetu ni mmoja kwa tajiri na maskini. Mdai hapelekwi kwa ng'ombe. Anachukuliwa nyuma ya stoo ya pumba, anatutajia alama, mimi na mwenyekiti, kwa sauti ya chini ili asisikie mwingine. Ndipo sisi tunakwenda kuangalia. Anayetaja sawasawa anachukua, na wakiwa wawili wametaja sawa, anachukua aliyetangulia. Sheria hiyo ilitungwa na wazee, na mpaka siku hiyo sikuwahi kuiona ina tundu.

Yule bwana hakubabaika. Alisema sikio la kushoto limekatwa ncha na lina mkwaju mmoja, mpasuo mfupi, kwa chini. Akaongeza kwamba kwenye paja la kushoto ana baka jeupe, kubwa kuliko kiganja. Tulikwenda kuangalia. Sikio lilikuwa kama alivyosema, neno kwa neno. Paja halikuonekana, maksai alikuwa amelalia tope na lilikuwa limemkaukia mpaka mgongoni. Mwenyekiti alisema sikio linatosha, sikio ndilo ng'ombe. Afisa akafungua kalamu.

Hapo hapo akaingia mama mmoja wa makamo ya kuelekea uzee, kanga kiunoni, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alikuwa ametembea kutoka kijijini kwao tangu giza. Alitusalimia kwa Kisukuma, akapiga goti kidogo mbele ya mwenyekiti, halafu akatazama zizini na nikaona uso wake unalegea. Alisema yule mwekundu ni wake. Mumewe alifariki mwaka uliopita na shamba lake hulimwa kwa jembe la ng'ombe, hakuna mtu wa kulilima, na majirani wameshaanza kupanda.

Mimi na mwenyekiti tulimpeleka nyuma ya stoo. Alitaja sikio: la kushoto, ncha imekatwa, mkwaju mmoja chini. Ni mkato wa baba mkwe wake, alisema, na kisu kilichotumika bado kiko ndani. Nilimuuliza kuhusu paja. Alinishangaa. Alisema paja lina nini, ni paja tu.

Mwenyekiti alinivuta pembeni. Alisema mambo ni magumu lakini yako wazi: wote wametaja sikio, bwana ametangulia, tena bwana ametaja na paja, na huyu mama paja halijui. Mtu gani asijue baka kwenye ng'ombe wake? Afisa akatikisa kichwa kuafiki. Sheria ni ya kwetu wenyewe, nami ndiye ninayeisoma kwa sauti kila mkutano.

Mama alipoona tunanong'ona aliomba jambo moja, amwite. Tulimruhusu. Alisogea kwenye nguzo akamwita maksai kwa jina lake, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Yule mnyama hakuinua hata kichwa. Alikuwa anakula. Bwana wa viatu alicheka kidogo, akasema hata yeye akimwita haji, ng'ombe ana njaa. Mama aliacha kuita. Mimi nilitamani kumpiga yule ng'ombe teke.

Dereva wa Fuso alipiga honi. Afisa akaanza kuandika kibali juu ya tangi la pikipiki yake. Nilijua akishapiga muhuri yamekwisha. Ng'ombe anayepanda Fuso kuelekea machimboni Geita hafugwi tena, jioni yuko buchani, kesho wachimbaji wanamla na ugali. Na mama huyu atarudi kijijini na kamba tupu, atashika jembe la mkono kwenye shamba lililozoea kukokotwa.

Nilisema, "Hatujaona paja."

Mwenyekiti aliguna. Afisa alisema katibu, usitucheleweshe. Bwana wa viatu alisema sikio limetosha, mwenyekiti mwenyewe ametamka. Alisema kwa upole, lakini aliitazama barabara kabla ya kunitazama mimi, na mimi nikikasirika huwa naona vitu vidogo. Nilichukua ndoo, nikaenda bombani mwenyewe na gauni langu la ofisini. Nilirudi nikamwaga maji pajani kwa maksai, nikasugua kwa gunia. Alinipiga mkia usoni. Niliendelea kusugua. Tope likaanza kushuka, jeusi, kisha la rangi ya udongo, kisha maji matupu.

Paja lilikuwa jekundu. Hapakuwa na baka wala alama ya baka.

Bwana alisema labda ni la kulia, mtu huchanganya. Nikasugua la kulia. Jekundu. Sasa hata afisa aliacha kuandika. Bwana alisema basi huenda rangi imebadilika, ng'ombe akikonda hubadilika. Hapo mwenyekiti, aliyekuwa upande wake tangu mwanzo, alimwangalia kwa mara ya kwanza kama mzee anavyomwangalia mtu aliyemdanganya.

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema hivyo kila siku, lakini mimi sikupumua bado. Kitu kilikuwa kinanisumbua. Mwongo hutunga, lakini huyu hakutunga sikio. Alilitaja vizuri kuliko hata mimi ningelitaja. Na baka je, alilitoa wapi? Kwa nini baka, kwa nini jeupe, kwa nini paja la kushoto?

Niligeuka nikautazama ukuta wa stoo. Tulikuwa tumeupaka chokaa wiki ile aliyoletwa maksai. Nilikumbuka alivyojikuna ukutani kabla chokaa haijakauka, na nilivyogombana na fundi rangi kwa sababu hiyo. Alikuwa na chokaa pajani siku niliyompiga picha. Mvua ya usiku ule ikaiosha.

Lakini paja nililikata. Nakumbuka kidole changu kikivuta kisanduku kuelekea begani. Nililikata paja na nililikata sikio.

Nilitoa simu. Mimi tovuti yetu siiingii kama watu wengine, naingia kwa mlango wa nyuma, wa kuandikia, na huko ukigusa picha kinakuja kisanduku cha kukatia. Sikuwahi kuitazama kama anavyoitazama mpita njia. Sasa nilimwomba afisa simu yake, nikafungua tangazo letu humo. Bega na shingo, safi, kama nilivyotaka. Nikaigusa picha.

Ikafunguka yote.

Maksai mzima, kutoka pua mpaka mkia. Sikio la kushoto limesimama mbele ya kamera, ncha imekatwa, mkwaju mmoja chini, unaweza kuhesabu nywele. Na pajani, chokaa, kubwa kuliko kiganja. Kile kisanduku hakikuwa kisu, kilikuwa pazia tu. Kila picha niliyoituma tangu nipate kitufe changu cha baraka ilikuwa imekaa pale nzima, inangoja mtu anyooshe kidole.

Nilimpa mwenyekiti simu. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Hili liko wazi kwa kila mtu?"

Nilimwambia ndiyo.

Tulipoinua vichwa, bwana wa viatu alikuwa ameshafika kwenye Fuso. Hakukimbia, alitembea tu kwa haraka kidogo, akapanda, dereva akawasha. Mmoja wa vijana wa sungusungu wanaotulindia zizi alitaka kuwazuia, lakini afisa alisema kwa kosa gani, kwa kusema baka? Vumbi halikutimka kwa sababu ya tope. Gari lilishika barabara ya lami na kwenda zake.

Mama hakuwa ameelewa hata nusu ya yaliyopita. Mwenyekiti alimweleza kwa Kisukuma kwamba maksai ni wake, amchukue, na kwamba chama kinamwomba radhi kwa usumbufu. Afisa aliichana ile karatasi aliyokuwa anaandika na kuitia mfukoni. Mimi nilifungua lango. Nilikuwa nimelowa mpaka magotini, nanuka zizi, na nafsi yangu ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyepona ajali. Nilimfunga maksai kamba mpya ya chama, nikamkabidhi mama mkononi. Alinishika mikono yote miwili na kusema wabeja, wabeja mayu, ndiyo asante mama kwa Kisukuma, akarudia tena na tena, machozi yanamtoka. Hata mimi yalinitoka, nisiseme uongo.

Lakini hakuondoka. Alisimama na kamba yake, anatazama ndani ya zizi, anapitisha macho kwa kila mnyama, kona hadi kona. Nilidhani anapumzika. Nilimwambia aende mapema mvua isimkute njiani.

Alisema, "Naam, mayu. Nipe na mwenzake."

Nilimuuliza mwenzake gani. Akanieleza, bila haraka, kama mtu anayejua ameshafika kwa watu wema. Walipotea pamoja. Walikatiwa sikio siku moja, kwa kisu kimoja, wakafundishwa nira moja. Mjukuu wake aliwaona wote wawili kwenye simu ya mwalimu, kwanza mmoja, halafu baada ya siku kadhaa huyu. Yeye alikuwa mgonjwa wakati ule wa kwanza, homa, hakuweza kusimama. Alipopata nafuu tu akaja. Yule mwingine ni mweusi, alisema, ana tumbo jeupe. Ni mkubwa kuliko huyu. Huyo ndiye anayetangulia kwenye mfereji wa jembe, na huyu humfuata.

Nilimkumbuka. Ningemsahau vipi, na ndiye niliyemjaribia kitufe? Mdai alifika siku ile ile tuliyomtangaza, mtu mpole, wa makamo, akanitajia sikio la kushoto, ncha, mkwaju mmoja chini, na mimi nikamtolea mnyama huku namsimulia mwenyekiti jinsi tovuti inavyofanya kazi siku hizi. Gari lake nalo lilielekea upande huo huo wa Geita.

Mwenyekiti alianza kutazama chini. Hakuna aliyenisaidia. Nilimwambia mama ukweli wote, kwamba alikuwapo hapa, kwamba nimeshamtoa, kwamba nimempa mtu mwingine kwa mkono wangu.

Aliizungusha kamba kwenye kiganja, akaifungua, akaizungusha tena. Kisha akasema, wala si kwa hasira, "Mmoja halimi, mayu."

Nilimpigia fundi pale pale, mbele yake, nikamwambia picha zinafunguka zote, masikio yote ya ng'ombe wa watu yako nje. Nilikuwa tayari kwa vita. Fundi hakunibishia. Alishtuka, akasema hakujua kwamba tulikuwa tunaficha, alidhani nakata ili picha zipendeze. Akasema nisihofu, ni jambo dogo sana, ni kuzima sehemu moja tu.

Akazima. Niligusa picha kwenye simu ya afisa na haikufunguka tena, ilibaki bega na shingo. Nilipoinua macho, mama alikuwa ameshatoka getini, bado hajafika upande wa pili wa barabara, anavuta yule maksai mmoja.